Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani: Nasaba, nyaraka na mlango wa tawi

Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki, ukitaja "Dar" anafikiria Dar es Salaam. Nchini Marekani, herufi D, A na R zinamkumbusha mtu jambo jingine kabisa: Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani, chama cha wanawake ambao mababu au mabibi zao walisaidia kuikomboa nchi hiyo kutoka mikononi mwa Uingereza katika karne ya 18.

Chama hiki hakimwulizi mwombaji ana mali kiasi gani wala amesoma hadi wapi. Kinamwuliza swali moja: wewe ni uzao wa nani, na una karatasi gani ya kuthibitisha? Swali hilo ni jepesi kulisikia, lakini limewaliza wengi. Kwa miongo mingi wapo wanawake waliokuwa na jibu sahihi, tena lenye ushahidi, na bado wakafungiwa mlango. Mlango huo haukuwa makao makuu mjini Washington. Ulikuwa tawi la mtaani kwao.

Makala haya yanaeleza chama hiki kilivyoanza, tawi lake linavyofanya kazi, na jinsi suala la nani aingie katika tawi lilivyogeuka kuwa suala la nani anahesabiwa kuwa mrithi wa historia ya Marekani.

Chama kilianzaje?

Marekani ilipotimiza miaka 100 ya uhuru mwaka 1876, hamu ya kuwakumbuka waasisi ilipanda nchini humo. Mwaka 1889 wanaume waliotokana na wapiganaji wa mapinduzi waliunda chama chao. Wanawake walitaraji kuwamo, lakini mwaka 1890 wanaume hao waliamua kwamba chama ni cha wanaume peke yao.

Mwanamke mmoja wa Washington, Mary Smith Lockwood, alichukizwa. Mwezi Julai mwaka huo aliandika katika gazeti la Washington Post kisa cha Hannah Arnett wa New Jersey. Inasimuliwa kwamba mwaka 1776, wakati vita vikienda kombo, mume wa Hannah na wenzake walikuwa wanajadili kukubali msamaha wa Waingereza na kuachana na uasi. Hannah aliingia katika kikao chao na kuwakemea hadi wakabadili nia. Lockwood aliuliza: kama mwanamke kama huyo alichangia uhuru, kwa nini uzao wa kike usahauliwe?

Tarehe 11 Oktoba 1890, wanawake 18 walikutana Washington na kuunda chama chao. Wanne kati ya wanawake wa mwanzo hutajwa kama waasisi: Mary Smith Lockwood, Mary Desha, Ellen Hardin Walworth na Eugenia Washington. Rais Mkuu wa kwanza wa chama alikuwa Caroline Scott Harrison, mke wa Rais Benjamin Harrison aliyekuwa madarakani wakati huo. Miezi michache baadaye, mwezi Machi 1891, likaundwa tawi la kwanza, nalo lilikuwa Chicago.

Leo chama kina wanachama wapatao 190,000 na matawi karibu 3,000. Mengi yako ndani ya Marekani, mengine yako katika nchi za nje wanakoishi Wamarekani. Alama yake ni gurudumu la kusokotea uzi lililozungukwa na nyota 13, idadi ya makoloni yaliyoasi. Kaulimbiu yake ni Mungu, nyumba na nchi.

Ni vyema kutokichanganya chama hiki na Mabinti Waungano wa Shirikisho. Hicho ni chama kingine, kilichoanzishwa mwaka 1894 na wanawake wa majimbo ya kusini kuwaenzi wanajeshi waliopigana upande wa majimbo yaliyojitenga katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Cha Mabinti wa Mapinduzi kinahusu vita vya uhuru vya karne iliyotangulia.

Nani ana haki ya kujiunga?

Mwanamke yeyote aliyetimiza miaka 18 anaweza kuomba, mradi athibitishe kwamba ametokana kwa damu na mtu aliyesaidia harakati za uhuru kati ya tarehe 19 Aprili 1775, siku ya mapigano ya Lexington na Concord, na tarehe 26 Novemba 1783, siku moja baada ya majeshi ya Uingereza kuondoka New York.

Haijalishi nasaba inapita kwa baba au kwa mama. Inaweza kupanda kwa bibi mzaa mama, ikahamia kwa baba yake, kisha kwa mama wa huyo. Kwa hiyo wanachama si watu wa ukoo mmoja wala jina moja. Wanachoshirikiana ni kwamba kila mmoja ana mnyororo wake unaofika katika kizazi kilichopigania uhuru.

Aliyesaidia uhuru pia si lazima awe askari. Aliyekula kiapo cha utii kwa serikali mpya anahesabiwa. Aliyehudumu katika kamati ya mji, aliyetoa ng'ombe, nafaka au gari la farasi kwa jeshi, aliyetibu majeruhi, wote wanahesabiwa. Wanawake wanahesabiwa, na hata raia wa nchi nyingine walioisaidia Marekani wakati huo.

Asiyehesabiwa ni yule aliyekuwa upande wa Uingereza. Hapa historia inauma. Mwaka 1775 gavana wa Uingereza huko Virginia, Lord Dunmore, aliwaahidi uhuru watumwa wa waasi ambao wangekimbilia kwake na kushika silaha. Maelfu ya watu weusi walikimbilia kwa Waingereza wakati wa vita ili wawe huru. Uzao wao una babu aliyepigania uhuru wake mwenyewe, lakini kwa kanuni za chama hakuwa mzalendo wa mapinduzi.

Nasaba inathibitishwaje?

Masimulizi ya nyumbani hayatoshi. Mwombaji anaanza na yeye mwenyewe, anapanda kwa mzazi, kwa babu au bibi, kizazi baada ya kizazi, na kila kiungo kinadai karatasi: cheti cha kuzaliwa, cha ndoa au cha kifo, wosia, hati ya ardhi, kitabu cha kanisa, orodha ya sensa. Kwa wengi safari hiyo ni ya vizazi sita, saba au zaidi. Kiungo kimoja kikikosekana, mnyororo wote unakatika.

Jalada lenye thamani kubwa ni la pensheni za wapiganaji. Sheria za mwaka 1818 na 1832 ziliwapa wazee wa vita posho, lakini walitakiwa kueleza walipigana wapi na chini ya nani. Wajane nao walitakiwa kuthibitisha ndoa zao. Wengine, kwa kukosa cheti, walichana ukurasa wa Biblia ya familia wenye majina na tarehe wakautuma serikalini. Kurasa hizo zimehifadhiwa hadi leo katika Nyaraka za Taifa.

Kwa Mmarekani mweusi, kazi hiyo ina ukuta katikati. Sensa ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza ya taifa kuwaorodhesha kwa majina wote waliokuwa watumwa. Katika sensa za 1850 na 1860, orodha za watumwa zilitaja jina la bwana, kisha umri, jinsia na rangi ya mtumwa, mara nyingi bila jina lake. Ndoa za watumwa hazikutambuliwa na sheria, na mtoto aliyezaliwa na bwana hakuandikiwa baba. Anayetaka kuuvuka ukuta huo hulazimika kusaka majina ya watu wake ndani ya wosia na hesabu za mali za familia iliyowamiliki, walikoandikwa pamoja na farasi na vyombo vya ndani.

Tawi hufanya nini?

Makao makuu yako Washington, yakiwa na maktaba kubwa ya nasaba na wataalamu wanaokagua maombi. Kila jimbo lina uongozi wake, na mara moja kwa mwaka wajumbe hukutana Washington katika mkutano mkuu. Lakini maisha ya chama yako katika tawi.

Ili tawi liundwe wanahitajika wanachama wasiopungua 12. Kila tawi huchagua jina, aghalabu la mtu, mahali au tukio la enzi za mapinduzi katika eneo lake. Mwenyekiti, ambaye kwa mila ya chama huitwa regenti, anasaidiwa na makamu, makatibu, mweka hazina, mwanahistoria na kiongozi wa sala. Mwenye kazi nzito kuliko wengi ni msajili. Yeye ndiye anayekaa na mwombaji, wakapanga karatasi zake na kuangalia mnyororo umekatikia wapi kabla ya jalada kupelekwa Washington.

Mkutano wa kawaida hufanyika mara moja kwa mwezi, katika maktaba, ukumbi wa kanisa au nyumbani kwa mwanachama. Huanza kwa sala na kiapo kwa bendera, hufuata taarifa za kamati, kisha mara nyingi mgeni hutoa mada ya historia. Nje ya mkutano, tawi husafisha na kuweka alama kwenye makaburi ya wapiganaji wa mapinduzi, huendesha mashindano ya insha za historia kwa wanafunzi, hutoa misaada ya masomo na huwatembelea wanajeshi wastaafu hospitalini. Kila mwaka, kuanzia tarehe 17 hadi 23 Septemba, huadhimisha Wiki ya Katiba, ambayo ilitambuliwa kisheria mwaka 1956 baada ya chama hiki kuiomba.

Kazi nyingine ni kuwakaribisha raia wapya. Mahakama inapowaapisha wahamiaji kuwa raia, si ajabu kuwakuta wanawake wa tawi la karibu wakigawa bendera ndogo na kuwapa mkono. Tangu miaka ya 1920 chama kimekuwa kikichapisha kitabu cha mwongozo wa uraia na kukigawa bure kwa wahamiaji.

Kwa nini mlango wa tawi ulikuwa mgumu?

Kwa umma wa Marekani, doa kubwa la chama hiki ni la mwaka 1939. Chama kinamiliki Ukumbi wa Katiba mjini Washington, uliofunguliwa mwaka 1929. Chuo Kikuu cha Howard kilitaka mwimbaji mweusi Marian Anderson, aliyekuwa na sifa Ulaya nzima, atumbuize humo. Chama kilikataa, kwani masharti ya ukumbi wakati huo yaliruhusu wasanii weupe tu. Eleanor Roosevelt, mke wa rais na mwanachama, alijiuzulu. Tarehe 9 Aprili 1939, siku ya Pasaka, Anderson aliimba kwenye ngazi za jengo la kumbukumbu ya Abraham Lincoln mbele ya watu wapatao 75,000.

Baadaye chama kilibadilika kuhusu ukumbi. Mwaka 1943 Anderson aliimba humo kwa mwaliko wa chama chenyewe. Lakini kuruhusu mtu aimbe ukumbini ni jambo moja, kumkubali akae nawe katika tawi ni jambo jingine.

Mwanamke mweusi wa kwanza anayejulikana kuingia chamani ni Karen Batchelor wa Detroit, mwaka 1977. Hakukusudia kuvunja mwiko wowote. Baada ya kujifungua alianza kutafuta nasaba ya familia yake, na utafiti ukamfikisha kwa William Hood, mpiganaji wa Pennsylvania. Tawi lililompokea ni la Ezra Parker, katika mji wa Royal Oak nje ya Detroit.

Aliyeonyesha tatizo lilipokaa hasa ni Lena Santos Ferguson, mkazi wa Washington aliyewahi kuwa katibu wa shule. Mzee wake alikuwa Jonah Gay, mzungu wa eneo ambalo leo ni jimbo la Maine, aliyehudumu upande wa mapinduzi. Ferguson alianza kuomba mwaka 1980. Nasaba yake ilithibitika. Hata hivyo, matawi ya Washington hayakumpokea.

Kwa utaratibu wa wakati huo, karatasi safi hazikumtosha mwombaji. Alihitaji wanachama wa kumdhamini na tawi la kumridhia. Mtu aliyekosa tawi aliweza kuandikwa kama mwanachama wa taifa asiye na tawi, na Ferguson alipewa nafasi hiyo. Lakini mwanachama wa namna hiyo ni kama mgeni wa kudumu: hana kikao cha kuhudhuria kwao, hana cheo cha kugombea, hana mjumbe wa kumsemea.

Ferguson hakuridhika. Mwezi Machi 1984 Washington Post liliandika habari zake katika ukurasa wa kwanza. Rais Mkuu wa chama wakati huo, Sarah King, alilieleza gazeti hilo kwamba rangi si sababu pekee ya watu kukataliwa na matawi, na kwamba talaka au chuki za majirani nazo huchangia. Maelezo hayo yalizidisha moto. Madiwani wa Washington walianza kuzungumzia kukiondolea chama msamaha wa kodi kwa majengo yake, msamaha wenye thamani kubwa.

Mwaka huohuo yakafikiwa maridhiano. Ferguson akapata tawi. Chama kikatangaza kwamba milango yake iko wazi bila ubaguzi wa rangi wala imani, na kikakubali sharti jingine ambalo pengine ndilo lenye uzito kuliko yote: kutafuta majina ya watu weusi waliopigania uhuru wa Marekani. Ferguson aliendelea kukitumikia chama mjini Washington hadi alipofariki mwaka 2004.

Majina yaliyotafutwa

Wanahistoria wanakadiria kwamba watu weusi kati ya 5,000 na 8,000 walitumikia upande wa mapinduzi. Wapo waliokuwa huru. Wapo watumwa waliopelekwa vitani badala ya mabwana zao. Mwaka 1778 Rhode Island iliandikisha watumwa jeshini kwa ahadi ya kuwaacha huru. Lakini majina yao yalitawanyika katika orodha za vikosi, mara nyingine likiwa jina moja tu lisilo la ukoo.

Mwaka 2008 chama kilitoa kitabu kinene kinachokusanya zaidi ya majina 6,600 ya Wamarekani weusi, wenyeji wa asili wa Marekani na watu wa nasaba mchanganyiko waliochangia mapinduzi. Kwa mtafiti wa familia, orodha hiyo ni mlango wa pili. Badala ya kupanda kutoka kwake kwenda juu na kugonga ukuta wa 1870, anaweza pia kuanza na askari na kushuka chini, hadi pande mbili zikutane.

Tawi la Queens

Matunda yake yalionekana katika mji wa New York. Mwaka 2012, katika eneo la Queens, mtafiti wa nasaba Wilhelmena Rhodes Kelly aliongoza kuundwa kwa tawi jipya. Lilikuwa na wanachama waasisi 13, na watano kati yao walikuwa wanawake weusi. Yeye mwenyewe mweusi, akawa mwenyekiti wake.

Tawi hilo linaitwa Increase Carpenter, jina la mkazi wa kitongoji cha Jamaica, Queens, aliyekuwa na nyumba ya wageni hapo na aliyetumikia upande wa mapinduzi. Karibu na nyumba hiyo ndipo Waingereza walipomkamata Jenerali Nathaniel Woodhull mwezi Agosti 1776. Kwa hiyo wanawake hao walifanya kama matawi mengine yote yanavyofanya: walichukua jina la mtu wa eneo lao. Tofauti ni kwamba hawakuomba kufunguliwa mlango wa mtu. Walijenga wa kwao, kwa kanuni zilezile, kwa karatasi zilezile.

Mwaka 2019 Kelly alisimikwa kuwa mwenyekiti wa chama katika jimbo zima la New York, na kwa cheo hicho akawa mwanamke mweusi wa kwanza katika bodi ya taifa ya chama.

Mjadala haujaisha

Wapo wanaohoji kama chama cha nasaba kina nafasi katika nchi inayojivunia kwamba mtu hapimwi kwa kuzaliwa kwake. Wengine wanajibu kwamba hakimpi mwanachama haki yoyote ambayo jirani yake hana. Kinachotolewa ni jina la mzee kwenye kumbukumbu, na kazi ya kujitolea.

Suala la tawi nalo limerudi kwa sura nyingine. Mwaka 2023 mkutano mkuu ulipitisha kanuni inayoyakataza matawi kumbagua mwombaji kwa misingi kadhaa inayolindwa na sheria. Kukazuka ubishi miongoni mwa wanachama kuhusu wanawake waliobadili jinsia, na baadhi wakajitoa.

Marekani inapoadhimisha miaka 250 ya uhuru mwaka 2026, wanawake wa matawi haya ni miongoni mwa watakaoonekana makaburini na kwenye maonyesho ya historia. Miaka 50 iliyopita, karibu sura zote zilikuwa nyeupe. Leo hali si hiyohiyo, ingawa wanachama weusi bado ni wachache.

Lililobadilika si masharti ya damu. Swali ni lilelile la mwaka 1890: wewe ni uzao wa nani, na una karatasi gani? Karatasi za Lena Ferguson zilikuwa kamili tangu mwanzo. Ilichukua miaka minne, gazeti na tishio la kodi ili zisomwe kama za mtu mwingine yeyote.